Mchango wa sikukuu unatufukuzia ndugu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme na wenzangu wenye magrupu ya ukoo, maana Desemba hiyo inakuja na najua simu zenu zinalia kama yangu, orodha imeshapandishwa. Majina ya wakuu wa kaya yamepangwa kuanzia namba moja mpaka mwisho, mbele ya jina kiasi, na aliyelipa anawekewa tiki ya kijani. Akilipa mtu mmoja orodha inarushwa upya yote, kwaiyo ambaye hajalipa analiona jina lake liko tupu asubuhi, mchana na usiku, na ukoo mzima unaliona pamoja nae, wakwe wamo humohumo. Kwetu mwaka huu ni laki moja kwa kaya, sare pembeni, na sare ni kitenge, pisi moja elfu thelathini na tano kabla hujaenda kwa fundi. Mwenye mke na watoto wanne apige hesabu mwenyewe.

Langu ni moja tu na nalisema wazi ili mjomba wangu mwenyekiti wa kamati asije akasema nimezunguka. Hii michango na sare vinawafukuza ndugu walewale ambao sikukuu tunasema tunaifanya kwa ajili yao. Tuviondoe, tubaki na kukaa pamoja.

Sisi ukoo wetu umechanganyika, wa Ujiji wengi Waislamu, wa Kasulu na Buhigwe wengi Wakristo, na wengine wametawanyika Dar, Mwanza, Tabora. Desemba ndo tunapata kuonana kwasababu shule zimefungwa na wenye ajira wanaomba likizo. Tarehe 25 kila mtu kwake, tarehe 26 wote kwa bibi Ujiji. Kwa baba mdogo Kasulu kuku na mbuzi wa Krismasi siku zote anachinja Muislamu ili wote tule, na hilo halijawahi kuhitaji kikao wala kamati, watu wazima walishayamaliza zamani bila kuandika popote. Na Idi huku Ujiji mnaijua, watoto wanapita nyumba kwa nyumba kuchukua mkono wa Idi, sahani za pilau zimefunikwa kawa zinapita vichochoroni zinaingia mpaka kwa jirani Mkristo, na sahani ya watu hairudi tupu, ikifika Krismasi inarudi na nyama na chapati. Gharama ilikuwepo lakini kila mtu alitoa alichonacho na hakuna aliyejua mwenzie katoa ngapi.

Sasa siku hizi kuna kamati. Mwenyekiti, katibu, mhazini, na mtu wa mapambo, jamani, mapambo! Kuna maturubai na viti vya kukodi, dijei, keki yenye jina la ukoo, mpiga picha na ile kamera yake ya kuruka. Imekuwa harusi isiyo na bibi harusi. Mimi sikatai turubai, Desemba huku kwetu mvua inanyesha na watu lazima wajifiche, lakini turubai na viti tungeazima msikitini au kanisani kwa nauli ya mkokoteni tu.

Kuna Desemba moja kamati iliamua sare iwe nyeupe. Nyeupe, Kigoma, kwenye ukoo unaopika maharage kwa mawese! Wageni wameamka asubuhi, watoto wamevishwa, alafu ikatoka amri kwamba asile mtoto yeyote mpaka picha ya ukoo ipigwe, maana tone moja la mawese kwenye nguo nyeupe halitoki ata ukifua na nini. Mpiga picha akachelewa, mara dijei hajapata umeme, mara wa Kasulu gari lao liko njiani, saa nane watoto bado wamekaa kwenye viti mikono magotini, wadogo wanalia njaa, na masufuria yako hapo nyuma yanatoa moshi na harufu wanaisikia. Bibi mwenyewe spika ilikuwa chini ya dirisha lake, akajifunga khanga akaenda kupumzika kwa jirani. Picha ilipopigwa bibi hakuwepo, ikabidi akafuatwe irudiwe, na kwenye ile picha ukiangalia vizuri amekaa katikati amekunja uso, pembeni mtoto wa dada yangu analia.

Hiyo picha mjomba ameiweka kwenye fremu sebuleni.

Lakini hayo ya watoto ni madogo, watoto wanasahau. Kinachoniuma ni mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anashona nyavu kule Katonga. Huyu ndo mtu ambaye babu alipokuwa mgonjwa alimbeba mgongoni kumpeleka hospitali, huyu ndo alisimamia kaburi, na ndo anayejua makaburi yote ya watu wetu wa Ujiji, nani kalala wapi na upande upi. Ile Desemba jina lake lilikaa tupu kwenye orodha mpaka siku yenyewe, hakuja, akasema ana kazi. Kazi gani tarehe 26 ambayo hata soko lilikuwa nusu? Tukasema basi tukawaonyeshe watoto kaburi la babu wao waombe dua, tukafika, mvua imenyesha majani yako kiunoni, tukaanza kuzungukazunguka pale watu wazima na kanzu zao nyeupe hakuna anayejua, huyu anasema kwenye mwembe yule anasema huku, mwisho tukaomba dua tumesimama njiani tukarudi. Mtu mmoja tu angetuonyesha na huyo mtu tumemfungia nje kwa laki moja. Kesho yake akatoka kwenye grupu, ameleft.

Alafu mhazini anauliza kwanini mahudhurio yanapungua.

Na kamati yetu, wengi ni watu wa mishahara, hawajui hela ya ziwani inavyotembea. Tarehe ya mwisho ya mchango wanaipanga kwa kufuata mshahara. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa kwaiyo boti zinalala ufukweni siku kadhaa, na boti zikilala na anayeshona nyavu analala, mama anayeanika dagaa analala, kila mtu anakula akiba. Sasa tarehe ya mwisho ikiangukia mbalamwezi unamdai mtu kipindi ambacho hana senti, na unamdai mbele ya wakwe zake. Mtu mwenye heshima zake anafanyaje? Anasema ana dharura. Tumewafundisha ndugu zetu kudanganya.

Anayebisha kwamba bila kamati haiwezekani nimkumbushe 2024. Serikali ililifunga ziwa Tanganyika lisivuliwe miezi mitatu, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, samaki wapate kuzaliana, na Idi ya kuchinja ikaangukia mulemule, katikati ya Juni. Asiyekaa huku hawezi kuelewa maana yake, mialoni wanakoshusha samaki, Kibirizi kimya, Katonga kimya, mama wa dagaa hana cha kuanika, bodaboda wa mwaloni hana abiria, fundi cherehani hana wa kumshonea, kwasababu mjini kwetu hela nyingi inaanzia majini. Kamati ilikaa kikao kimoja ikaona aibu kutaja kiasi, wakaachana nayo. Walimu na wenye mishahara saba wakaungana wakachukua ng'ombe mmoja, na kwenye dini ng'ombe mmoja watu saba inaruhusiwa, wengine kila nyumba ikaleta ilichonacho. Kuna aliyeleta sufuria la ugali wa muhogo, kuna aliyeleta dagaa aliowaficha toka mwezi wa nne, wifi yangu wa Mwandiga akaja na kisamvu, na tulikaa kwenye mikeka. Na nyama ya kuchinja iligawiwa mpaka kwa majirani kama inavyotakiwa. Wa Dar hawakuja wengi, nakubali, sio msimu wao, lakini wa hapahapa walikuja wote, wakiwemo wale ambao Desemba huwa wana dharura. Mdogo wangu wa Katonga alikuja mapema kuliko wote na alikaa na watoto mpaka magharibi akiwafundisha kufunga fundo la nyavu, kamba alitoa mfukoni.

Ziwa likafunguliwa, hela ikarudi, na kamati ikarudi nayo.

Naomba nisieleweke vibaya, mimi sio mchoyo na wala sisemi sikukuu iwe siku ya kawaida. Nguo mpya ya mtoto siku ya sikukuu naitetea mpaka mwisho, mtoto aliyelala na viatu vipya karibu na mto wake hiyo furaha haina mbadala, ila iwe gauni atakalolivaa tena kanisani au madrasa, sio kitenge kilichochapwa jina la ukoo na mwaka ambacho Januari kinakuwa dekio. Mkono wa Idi ubaki, ata kama ni mia mbili. Sahani na kawa zibaki, tena hizi nasikia kuna mitaa zimeanza kupotea wanaweka kwenye vyombo vya plastiki vya kubebea chakula, sijui ndo maendeleo. Dua makaburini ibaki. Kusalimia wazee wasioweza kutoka nyumbani ibaki, na hiyo ndo ingekuwa ya kwanza kabisa kabla ya kula maana siku ya kamati watu wanashiba wanasinzia wazee wanasahaulika.

Kwa upande wa dini sikuona popote tulipoambiwa tufanye haya. Idi ya mfungo imewekewa zakatul fitri, unatoa chakula kabla ya swala ili asiyenacho nae siku hiyo apate kula. Kuchinja ni kwa mwenye uwezo. Na hawa ndugu zangu wa Kasulu wanasoma kila Krismasi kwamba mtoto alizaliwa kwenye zizi. Sasa sisi tunaanza sikukuu kwa kumdai asiyenacho!

Kuna hawa wanaosafiri nao niwasemee. Dar mpaka Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, ile reli ilifika huku 1914 na mpaka leo safari bado ni ya siku na usiku wake na zaidi. SGR, ile treni mpya ya umeme, imeanza kubeba abiria 2024 lakini inawafikisha Dodoma tu, kutoka pale wanatafuta basi, na Desemba tiketi unaitafuta kwa kujuana. Mtu kaja na mke na watoto watatu, kalipa nauli kwenda na kurudi, alafu akifika anasomewa orodha! Kwangu mimi nauli ndo mchango wake. Amejileta, ameleta wajukuu bibi awaone, anadaiwa nini tena? Na zawadi nazo tupunguze, kila shangazi anategemea khanga kutoka Dar, na akiondoka nae lazima abebeshwe dumu la mawese, ndoo ya dagaa na migebuka, samaki wa ziwa letu, ya kukausha, na shangazi ambaye dumu lake limekataliwa kwa sababu buti la basi limejaa ananuna mpaka Pasaka.

Halafu Januari. Tunashukuru toka 2016 ada ya shule za serikali mpaka fomu foo iliondolewa, lakini mzazi yeyote anajua sare ya shule, viatu, madaftari, begi, na mtoto anayeingia fomu wani bweni ana godoro na ndoo na orodha yake mwenyewe ndefu. Wenye mishahara wamelipwa Desemba mapema na imeisha. Nina shemeji alikopa kwenye simu ili alipe mchango na sare, ile mikopo ya kubonyeza tu, na wiki ya kwanza ya Januari akarudi kwenye grupu lilelile kuomba msaada wa viatu vya mtoto. Mnajua watu wangapi walijibu? Kimya, wameisoma wote, mjomba katuma picha ya fremu.

Na hii tusipoirekebisha sasa hivi tutakuja kukwama, maana Idi inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka. Kwa hesabu za kalenda 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba, yani Krismasi na kuanza kufunga vitagusana. Ukoo uliochanganyika kama wetu utakusanya mchango wa Krismasi, na futari, na Idi, na shule katikati. Sijui kamati itaandika orodha ngapi.

Sasa wanawake. Hapa nitasema kidogo kwa hasira, mhariri usikate. Mwanamke wa ukoo huu sikukuu anaijua kwa moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 tunamenya vitunguu saumu mpaka vidole vinawaka, saa kumi alfajiri tunawasha kuni, pilau la watu mia na zaidi halipikwi kwa mkaa, tunapakua, tunaosha, na sisi tunakula ukoko tumesimama. Mkwe wetu wa Mwanza ile Desemba ndo ilikuwa mara yake ya kwanza kuja, ameolewa mwaka uleule, alikuja ili awafahamu wakwe zake. Alikaa jikoni siku zote mbili. Siku ya kuondoka stendi ananiuliza, shangazi, yule mzee aliyekuwa anaongea kwenye maiki ni nani? Ni baba mkwe wake mkubwa. Wakati huo kina kaka wako chini ya turubai wanasubiri kuitwa chakula na wanalalamika chumvi.

Kwaiyo huku kwetu Ujiji tumekaa sisi mashangazi na wifi zetu na vijana wachache wenye akili, na tumekubaliana hivi, kamati itatusamehe. Kila nyumba inakuja na sufuria yake moja la chochote, ugali, wali, maharage, kisamvu, samaki kuhe, mgebuka wa kukaanga, dagaa, na asiye na sufuria anakuja na mikono yake ataosha vyombo, na vyombo safari hii wanaosha wanaume, wameshaambiwa. Mwenye uwezo wa mbuzi alete mbuzi na asitangaze. Saa tatu asubuhi makaburini, nimeshaenda Katonga mwenyewe kuongea na mdogo wangu, amekubali kutuongoza na atakuja na panga la kufyekea. Kutoka hapo kwa wazee watatu wasioweza kutembea, alafu kwa bibi, kula mchana, na baada ya kula kila kaya inasimama inajitambulisha polepole watoto wajuane, hii ndo sehemu ambayo kila mwaka dijei alikuwa anaikata kwa mziki. Jioni atakayetaka kwenda ufukweni aende na watoto. Basi. Kuna aliyeuliza kuhusu mziki, tumesema kuna redio.

Mjomba ametuma sauti ya dakika tano na nusu kwenye grupu, nimeisikiliza yote kwa heshima kwasababu ni mjomba na ada yangu ya sekondari alilipa yeye, hilo nalikumbuka. Anasema tunaua umoja wa ukoo, kwamba sare ndo utambulisho, watu wakipita barabarani wajue hawa ni wamoja. Nimemjibu kwa adabu, mjomba, watu wa Ujiji wanatujua toka enzi za babu na babu hakuwahi kuwa na sare. Anasema pia kitenge kimeshanunuliwa majora mawili. Hapo kwa kweli nimemuonea huruma, hela ya mtu hiyo, na tumekubaliana tutakichukua tugawane kina mama wazee na bibi, waliobaki wanakata mapazia.

Naandika gazetini kwasababu mjomba gazeti lako halimpiti, analisoma kuanzia vichekesho mpaka matangazo ya mnada, na ninavyojua ukoo wetu hatuko peke yetu, kila nikienda soko la Buzebazeba nasikia wamama wanalalamika michango ya Desemba kwa sauti ya chini na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kwenye grupu. Wenye mawazo tofauti wajibu humuhumu, nitasoma, ila wasiniambie habari za kwamba tumepitwa na wakati.

Tarehe 26, saa tatu kamili, makaburini, viatu vya kufungwa maana majani yana umande. Mjomba karibu sana, na akija na kitenge chake ameshakivaa tutampokea hivyohivyo na sufuria ataosha.

Ni mimi msomaji wako,
Shangazi wa Buzebazeba,
Ujiji, Kigoma